Uzinduzi wa Kitengo cha Kuamsha Mikono Iliyolala

(Uwanja wa nyuma wa hospitali. Hema moja, viti vya plastiki, spika mbili zinazokoroma. Mbele ya wageni kuna jengo la zamani la kufulia mashuka, na kwenye ukuta wake, mlango mzuri wa bluu uliozungushiwa utepe mwekundu. Mkurugenzi anasimama, anapuliza maikrofoni iliyobanwa kwenye kola ya koti lake, anakohoa, anaridhika na kikohozi chake.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe baada ya yule aliyealikwa kupata udhuru, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kuiandaa Kamati ya Maandalizi, Mganga Mkuu wa hospitali hii pamoja na wasaidizi wako, kwa kufuata vyeo vyao, urefu wa utumishi wao na ukaribu wao na meza kuu, wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, wakuu wa madawati, na yule bwana wa pale nyuma ambaye sijui ni mkuu wa nini lakini amevaa tai, wadau wa maendeleo, wadau wa wadau, wauguzi, wagonjwa mnaoweza kukaa, wagonjwa msioweza kukaa ambao mnatusikiliza kupitia madirishani, wanahabari, ambao chai yenu iko tayari, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, naagiza izingatiwe kuanzia sasa.

(Makofi.)

Nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo kifani, na ninaposema nasimama, ndugu zangu, naomba tusilipite neno hilo mbio mbio kama watu wanaowahi foleni ya chakula, kwa sababu kusimama siyo jambo dogo. Mtu akisimama, ninyi mnadhani miguu ndiyo imeamua. Wapi! Mguu hauna mamlaka hayo. Mguu ni mtumishi wa kada ya chini. Nimesimama kwa sababu Makao Makuu yametoa kibali nisimame, na Makao Makuu yako hapa (anagonga paji la uso, spika nazo zinagonga), yaani ubongo, ofisi kubwa kuliko zote alizokabidhiwa binadamu, yenye uzito wa karibu kilo moja na nusu kwa mtu wa kawaida, na kwa upande wa viongozi bado tunasubiri ripoti ya wataalamu washauri.

(Kicheko kirefu upande wa wauguzi. Mkurugenzi anakipokea kama pongezi.)

Asanteni. Kutoka Makao Makuu unashuka uti wa mgongo, ambao ndiyo barabara kuu, na kutoka barabara kuu inachepuka mishipa ya fahamu, ambayo wataalamu huiita neva na mimi, katika jitihada zangu za kuishusha sayansi kwa mwananchi wa kawaida, huiita matarishi, nayo inasambaa mpaka kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu, mahali ambapo hata huduma za ofisi yangu hazijafika. Matarishi hawa wako wanaopanda na wako wanaoshuka. Wanaopanda wanabeba taarifa: hapa pana baridi, hapa pananata, hapa kuna msumari. Wanaoshuka wanabeba amri: inua, shika, achia, kimbia. Ukikanyaga msumari, taarifa inafika kichwani kabla hujamaliza kusema alaa. Hiyo ndiyo sistimu! Hiyo ndiyo koodineshen! Nasi katika ofisi yangu tumeiga mfumo huo huo bila kubadilisha hata nukta, ndiyo maana lile ombi la wauguzi kuhusu paa la wodi linalovuja lilianza safari ya kupanda kuja kwangu tangu mvua za mwaka juzi, na nawahakikishia kwamba linakuja vizuri.

(Sauti kutoka dirisha la wodi: "Na sisi tunalowa vizuri!" Kicheko.)

Nashukuru kwa fidibaki. Jambo jingine la kujivunia ni kwamba upande wa kulia wa ubongo ndio unaoutawala upande wa kushoto wa mwili, na upande wa kushoto wa ubongo unautawala wa kulia. Wapo watakaouliza, inakuwaje mkubwa akae upande huu na kazi yake iwe upande ule? Hao hawajawahi kuajiriwa. Mimi mwenyewe leo nasimamia mikono na miguu ya watu, na kabla ya hapo nilikuwa Mkurugenzi wa Mbegu za Alizeti, na sikuona tofauti.

Na sikilizeni hili, kwa sababu nililisoma nikatokwa na machozi. Juu ya ubongo kuna ramani ya mwili mzima, kila kiungo kimepewa eneo lake la kusikilizwa. Sasa mtadhani mgongo, pamoja na upana wake na mizigo yote unayobeba tangu dunia iumbwe, umepewa eneo kubwa. Hata! Mgongo umepewa kijieneo kama kibanda cha mlinzi. Waliopewa ghorofa nzima ni midomo na vidole. Midomo na vidole, ndugu zangu! Kile kinachohutubia na kile kinachopokea. Nikasema moyoni, kumbe muundo wa ofisi yetu haukubuniwa na binadamu, umeshushwa.

(Makofi ya meza kuu.)

Na sifa iliyo kuu kupita zote, ambayo naomba wanahabari muiandike kwa herufi kubwa: ubongo wenyewe hauumi. Ndio unaopokea maumivu yote ya mwili, ya jino, ya goti, ya tumbo, lakini wenyewe, ukiuchoma kwa sindano, hausikii kitu. Hiyo ndiyo hadhi ya Makao Makuu. Taarifa zote za maumivu zinapokelewa, na hakuna kinachouma.

(Sauti ya dirishani: "Tumekuelewa, mzee! Hapo tumekuelewa kabisa!")

Kwa hiyo tukubaliane, na hii ndiyo nguzo ya falsafa yangu ya uongozi, kwamba katika mwili wenye nidhamu hakuna kidole kinachotikisika bila kibali cha juu. Hakuna! Narudia, hakuna kiungo chochote kinachoweza kujiamulia mambo yake...

(Mkurugenzi, bila kutazama, anashika kikombe kilichowekwa mezani muda huo huo na mhudumu. "Yalaaa!" Kikombe kinaruka, chai inamwagikia Makamu Mwenyekiti wa Kamati Ndogo. Spika zinapiga mluzi. Mganga Mkuu anainuka na kumnong'oneza Mkurugenzi sikioni.)

Tulieni. Tulieni, ni chai tu. Makamu, pole, simama ujikung'ute, umepewa kibali. Naarifiwa na Mganga Mkuu kwamba tukio mlilolishuhudia linaitwa tendo la papo kwa papo, na kwamba mkono wangu umejiondoa kwenye moto kwa amri ya uti wa mgongo, kule kule njiani, kabla Makao Makuu hayajapata taarifa. Kabla ya taarifa! Bila kikao! Anasema ndivyo mwili ulivyo, kwamba yapo mambo ambayo mtu akisubiri kufikiria ameshaungua. Mimi nasema huo ni utovu wa nidhamu, na nitaunda kamati ya kuuchunguza uti wa mgongo wangu, na ikithibitika kwamba upo, hatua zitachukuliwa.

(Kicheko kikubwa. Mkurugenzi haelewi kwa nini. Anapuliza vidole.)

Sasa tuje kwenye shughuli iliyotuleta. Kuna maradhi yanaitwa kiharusi. Mtu yuko jikoni, mzima kama mimi na wewe, mara anaanguka. Akiinuka, mkono mmoja umelala. Siyo kwamba mkono umeoza. Mkono ni ule ule, nyama yake ni ile ile. Kilichoharibika ni sehemu ya Makao Makuu inayouhudumia, kwa hiyo amri haitoki, na mkono ukipiga kelele hakuna wa kupokea. Lakini wataalamu wanasema, na hapa ndipo penye matumaini, kwamba ofisi za jirani ndani ya ubongo zinaweza kufundishwa kuichukua kazi ile, na matarishi wakaoneshwa vichochoro vipya, kwa marudio. Shika, achia. Shika, achia. Leo, kesho, keshokutwa, na pembeni awepo mtu mwenye subira. Na wanasema ukianza mapema ndiyo bora, kwa sababu mkono uliosahauliwa nao husahau.

Ndiyo maana ofisi yangu, kupitia mchakato shirikishi uliohusisha semina elekezi, wokshopu za kuielewa semina, na ziara ya mafunzo katika hoteli yenye bwawa, imewaletea Kitengo cha Kuamsha Mikono Iliyolala, hicho hapo nyuma yangu, ambacho kwa tathmini yetu ya ndani kimekamilika kwa asilimia mia moja na kumi na mbili. Zile asilimia kumi na mbili za ziada ni zawadi yangu kwenu. Ndani mna vitanda vya mazoezi, mna reli za kushikilia ukutani, mna mipira ya kuminya ya rangi zote, mna vioo, mna baiskeli isiyokwenda popote, mna wataalamu wawili wenye subira ya kimataifa. Impakti yake haipimiki, nasi hatukuipima.

(Makofi. Madirishani watu wanashangilia. Mmoja anapunga gongo.)

Kwa mujibu wa programu, sasa nitamwomba mgonjwa wetu wa mfano asimame mpige picha. Niwe muwazi, nilimwagiza dereva wangu jana, nikamwambia, nitafutie mgonjwa mmoja aliyepooza mkono, nadhifu, mwenye sura ya shukrani, asiyeuliza maswali. Mgonjwa wa mfano, popote ulipo, tafadhali simama, usiogope.

(Katika mstari wa mbele anasimama mama mzee, akiinuliwa na mwanamke wa makamo. Amevaa gauni la maua, kifungo cha juu kiko wazi, mkono wa kushoto unaning'inia. Mkurugenzi anavua miwani. Anaivaa tena.)

Mama?

Dereva! Hebu njoo. Zimeni hii maikrofoni. Kwa nini haizimiki? Wewe dereva, nilikuambia nini?

(Spika zinatoa kila neno: "Bosi, ulisema mgonjwa aliyepooza mkono. Mimi namjua mmoja tu. Huyu ninayempelekea matunda kila Jumamosi kwa kuwa wewe una kikao.")

Ndugu wananchi. Ndugu wananchi, tulieni. Nina heshima ya pekee, ambayo haikuwemo kwenye programu, kuwatangazia kwamba mgonjwa wetu wa mfano ni mama yangu mzazi, aliyefuatana na dada yangu mkubwa.

(Vigelegele. Makofi mazito kuliko yote. Mama mzee: "Kasuku wangu! Mbona umenenepa hivyo?" Kicheko.)

Mama, itifaki. Hapa mimi ni Mheshimiwa Mkurugenzi.

("Haya, Mheshimiwa Kasuku.")

Jina hilo ni la utotoni, wanahabari, halina haja ya kuandikwa. Ndugu wananchi, kama mnavyomwona, mgonjwa ana furaha, ana shukrani, na sasa ataketi.

(Haketi. Mganga Mkuu, kwa heshima, anampelekea maikrofoni ya pili. Mama mzee anaishika kwa mkono wa kulia.)

("Sitachelewesha watu, najua kuna chai. Nataka tu kusema nimefurahi. Kila nikimpigia simu mwanangu ananiambia, mama, kitengo kinajengwa, vuta subira, wewe ndiye utakuwa wa kwanza kuingia. Huyu dada yake akawa ananiambia, mama, usimsikilize huyo, twende kwingine. Nikamwambia, hayawi hayawi huwa, mwache mdogo wako afanye kazi. Mimi sitaki mengi. Sitaki kucheza ngoma wala kubeba ndoo. Nataka nifunge vifungo vya gauni langu mwenyewe. Basi. Binti yangu ananifunga kila asubuhi, Mungu ambariki, lakini anafunga huku anawaza kazini. Na mimi nimefunga watu vifungo maisha yangu yote, na huyo mnayemwona hapo mbele ndiye alikuwa hatulii, unafunga cha juu yeye anafungua cha chini. Leo nimewaambia nyumbani, cha juu msikiguse, mtakiacha wazi. Nitakifunga mwenyewe siku nitakayohitimu mle ndani.")

(Makofi, ya taratibu, ya watu wanaofikiria nyumbani kwao. Dada mkubwa hapigi makofi. Anamtazama mdogo wake.)

Maneno mazito. Maneno mazito sana, na ofisi yangu imeyapokea. Niseme tu kwamba katika uzinduzi wa kisasa tunatofautisha kati ya kuzindua, kufungua, na kuingia. Leo tunazindua. Kufungua ni awamu ya pili. Kuingia kutategemea upembuzi yakinifu, kwa maana hiyo naomba kila mmoja wetu abaki kwenye kiti chake, nami nikate utepe, tupige picha tukiwa mbali kidogo, tukiwa mbali ndipo picha inapendeza...

("Mwanangu, mimi nimeshasimama. Kusimama kwenyewe umesema siyo jambo dogo. Acha basi niingie.")

Mama, rangi... Mama, hali ya hewa ya mle ndani bado inarekebishwa.

("Nitavaa shali.")

Dada, mzuie.

(Dada mkubwa, bila maikrofoni, lakini wote wanamsikia: "Mimi? Mzuie wewe mwenye kibali.")

(Mama mzee anamwachia binti yake maikrofoni, anatembea. Mguu wa kushoto unajiburuta kidogo kwenye changarawe. Dada yuko ubavuni. Watu wanasimama, viti vinaanguka. Madirishani wagonjwa wanasukumana. Mama anafika kwenye utepe, anauinua kwa kichwa kama kamba ya nguo, anapita chini yake.)

Ndugu wananchi, mnachokiona ni ari ya wananchi kuupokea mradi. Wanahabari, shusheni kamera. Nasema shusheni! Nitumie fursa hii kuwaelezeni kuhusu ubongo mdogo, ule wa nyuma, ambao kazi yake ni kutunza mizani, mtu asiyumbe anapotembea. Ubongo mdogo, ndugu zangu, ni kama naibu mwaminifu...

(Hakuna anayemsikiliza. Mama mzee amesimama mbele ya mlango wa bluu. Anamwambia binti yake: "Ninyanyulie huu wa kushoto. Nimeuahidi kwamba ndio utakaofungua." Dada, macho yakiwa kwa mdogo wake, anaunyanyua mkono uliolala na kuuweka kwenye kitasa. Wanangoja. Mama anainamisha kichwa kama anayesikiliza chumba cha pili.)

("Sisikii kitasa. Mnisamehe jamani. Ni huu mkono wangu, hausikii baridi wala moto. Kitasa kipo, ila mimi ndiye nisiyekisikia.")

("Pole, mama!" kutoka wodini. "Jaribu tena!" "Taratibu!" Muuguzi mmoja anajifuta macho kwa kofia.)

Mnaona? Mnaona wenyewe, ndugu wananchi! Hiyo ndiyo hali halisi tunayopambana nayo. Mgonjwa yuko kwenye kitasa, kitasa kiko pale, madhubuti, cha shaba, na mkono hausikii! Tatizo siyo mlango. Tatizo ni taarifa kutofika. Mama, usihuzunike, rudi ukae, kosa siyo lako kabisa.

("Ngoja nijaribu na huu mzima.")

Mama, huo mzima usiuchoshe.

(Mama mzee anaweka mkono wa kulia kwenye kitasa. Anapapasa. Anapapasa juu, anapapasa chini, anafuata ukingo wa mlango mpaka kwenye bawaba. Anasimama hivyo kwa muda. Kisha anageuka, anainua viganja vyote viwili, mkono wa kushoto akiushikilia kwa wa kulia. Vyote vina rangi ya bluu na ya shaba. Kitasa kimehamia mkononi mwake. Ukutani kimebaki kitu kama ndizi iliyopondwa.)

("Kasuku. Huu ni ukuta.")

(Spika zinakoroma.)

("Ni ukuta umepakwa rangi, na rangi yenyewe mbichi. Kumbe mkono wangu wa kushoto haukukosea. Uligusa, ukakuta hakuna kitu, ukanyamaza. Na mimi nimeusingizia mbele za watu.")

(Sauti ya dirishani, ya chini: "Loo." Mganga Mkuu anatazama viatu vyake. Dereva anatazama gari. Mkurugenzi amefungua mdomo, na mdomo, ambao una ghorofa nzima, unaendelea wenyewe.)

Ndiyo... ndiyo. Kama nilivyotangulia kusema, na kama itakavyoonekana katika taarifa ya utekelezaji, uzinduzi huu umekwenda sambamba na vishen yetu, na kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, na sasa kwa mujibu wa programu tunaingia kwenye kauli mbiu, nikisema fahamu, mnasema kwa wote! Fahamu!

(Kimya.)

Fahamu!

(Mtu mmoja, yule bwana mwenye tai: "Kwa wote.")

Mwendo! Hisia! Mikono juu! Mikono juu, wananchi, wote mnaoweza! Asanteni. Nitoe sasa shukrani zangu za dhati, kama zilivyoandaliwa na ofisi. Namshukuru mkandarasi mkuu wa jengo hili, ambaye hayupo nasi leo kwa sababu hajawahi kuwepo. Nawashukuru wataalamu wetu wawili wenye subira, ambao wana subira kiasi kwamba bado wanasubiri kuajiriwa. Naishukuru kampuni iliyoleta vitanda, reli, mipira na baiskeli isiyokwenda popote, ambayo kweli haikwenda popote, wala kufika hapa. Nawashukuru majirani zetu wa chumba cha kufulia kwa kutuazima ukuta. Na kwa namna ya pekee namshukuru fundi rangi, ambaye kati yetu sote ndiye peke yake aliyefanya kazi, na angepewa siku moja zaidi rangi ingekauka. Na mwisho, kabla sijashuka, namshukuru mgonjwa wa mfano kwa... namshukuru mgonjwa wa mfano...

(Anaisogeza karatasi karibu na macho.)

Hapa pameandikwa "kwa kupona kwake."

(Hakuna anayecheka. Mama mzee, ukutani, anamwambia binti yake: "Twende nyumbani." Dada mkubwa ananyoosha mkono kukifunga kile kifungo cha juu. "Kiache," anasema mama. "Kiache wazi. Kasuku akiulizwa, aseme yeye kwa nini kiko wazi." Anageuka. Mguu wa kushoto unanasa kwenye utepe mwekundu ulioanguka chini. Mama anayumba.)

(Haijulikani Mkurugenzi aliruka meza saa ngapi. Hakusema kwa mujibu wa. Hakuomba kibali. Karatasi zilikuwa bado zinaanguka pale mezani naye alikuwa ameshafika, amepiga goti kwenye changarawe, maikrofoni bado inaning'inia kwenye kola ya koti lake, amemdaka mama yake chini ya bega la kushoto kwa mikono miwili, na koti limejaa rangi ya bluu.)

Nimekushika, mama. Usiogope. Nimekushika.

(Spika zinaipeleka sauti mpaka wodini, mpaka madirisha ya mwisho. Mama mzee anageuza shingo upande mmoja, kisha upande mwingine, kama anayemtafuta.)

("Umenishika wapi, mwanangu? Mimi sisikii kitu.")